Namba Sita ni Nani? Historia ya Majina ya Walinzi katika Mpira

Yako maneno ambayo mkuza istilahi huyaona mepesi mpaka siku atakapoyapeleka kwa wenyewe. Majina ya nafasi za wachezaji katika mpira ni miongoni mwa maneno hayo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi majina ya walinzi yalivyozaliwa, jinsi kazi zilivyohama na majina yakabaki pale pale, na mafunzo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi wanaweza kuyapata katika historia hiyo. Mfano wangu wa kwanza ni kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nimetafsiri kifungu kifupi cha ufahamu kuhusu fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa London mwaka 1966, ambapo Uingereza iliishinda Ujerumani Magharibi mabao 4 kwa 2. Kifungu kilitaja kwamba nahodha wa Uingereza, Bobby Moore, alivaa jezi namba sita. Chini yake paliwekwa swali: Je, Bobby Moore alicheza nafasi gani? Katika karatasi ya majibu niliandika "mlinzi wa nusu wa kushoto", kwa sababu ndivyo kitabu cha Kiingereza nilichokuwa nacho kilivyoifafanua namba sita, nami nikageuza neno kwa neno. Rasimu ilijaribiwa katika shule moja ya sekondari wilayani Rungwe. Wanafunzi wengi wakajibu: "Kiungo mkabaji." Mwalimu wao, kwa kuiamini karatasi iliyotoka ofisini, akawakosesha wote.

Nilipofika Tukuyu kuchukua matokeo, mwalimu huyo alinipeleka jioni kwenye uwanja ambako vijana wale wale walikuwa wakicheza. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita, kama ilivyo desturi ya mji ule, na wingu lilikuwa bado limeufunika mlima Rungwe. Kando ya uwanja tulimkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye tulimsomea orodha yangu ya istilahi. Alisikiliza kwa adabu mpaka tulipofika kwenye "mlinzi wa nusu".

"Mwanangu," aliniuliza, "nusu ya nini?"

Sikuwa na jibu.

"Hapa kila mtoto anamjua namba sita," akaendelea. "Anasimama mbele ya mabeki, anakaba, anagawa mipira. Ukimwita nusu, atadhani umemtukana."

Si ajabu kwamba somo hili nililipata Tukuyu. Mji huo mdogo wa migomba na chai ulitoa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, pale Tukuyu Stars, waliojulikana kwa jina la Kinyakyusa la Banyambala, yaani wanaume, walipotwaa ubingwa katika nchi ambayo kombe hilo kwa kawaida lilikuwa likizunguka baina ya Simba na Yanga za Dar es Salaam. Katika mahali kama hapo, majina ya nafasi za uwanjani ni mali ya watu wazima na watoto, wala hawaoni haja ya kuyasubiri kutoka ofisi yoyote.

Hata hivyo swali la mzee lilistahili jibu, na jibu lake liko katika historia.

NUSU YA NINI?

Waingereza wa karne ya 19 walipoanza kuwapanga wachezaji wao, walihesabu umbali wa mtu kutoka mstari wa mbele. Wengi walikuwa mbele, nao ndio mafowadi. Aliyesimama nyuma kabisa, karibu na lango, aliitwa wa nyuma kamili. Aliyesimama katikati ya hao aliitwa wa nyuma kwa nusu. Mchezo wa raga, uliotokana na chimbuko hilo hilo, uliongeza wa robo tatu. Wamarekani nao, walipougeuza mchezo wa raga kuwa wao, walimpata wa robo, ambaye ndiye leo anayejulikana duniani kote kuwa mrushaji na mwongozaji wa timu.

Basi nusu aliyoiuliza mzee ni nusu ya safari kutoka kwa washambuliaji hadi golini kwao. Majina haya yote ni vipimo vya mahali. Hayasemi lolote juu ya kazi ya mchezaji.

Kufikia miaka ya mwisho ya karne hiyo, mpango uliokuwa umeenea ulikuwa na kipa mmoja, mafulubeki wawili, mahafubeki watatu na mafowadi watano. Namba zilipoanza kuwekwa migongoni, zilifuata mpango huo: kipa alikuwa namba moja, mafulubeki namba mbili na tatu, mahafubeki namba nne, tano na sita, na mafowadi kuanzia namba saba hadi kumi na moja. Timu za Arsenal na Chelsea zilizijaribu namba hizo mwaka 1928, na mwaka 1939 Ligi ya Uingereza ikazifanya kuwa sharti. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba wakati namba zinapewa nguvu ya sheria, mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kubadilika.

KAZI ZAHAMA, MAJINA YABAKI

Badiliko la kwanza kubwa lilitokana na sheria ya kuotea ya mwaka 1925. Kabla ya hapo, mshambuliaji alihesabiwa ameotea kama hapakuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Tangu mwaka huo walitosha wawili. Mabao yakaongezeka, na walinzi wawili wa nyuma wakazidiwa. Herbert Chapman, kocha wa Arsenal, alikuwa miongoni mwa waliotafuta dawa. Alimrudisha hafubeki wa kati, yaani sentahafu, akamweka baina ya mafulubeki wawili ili amzuie mshambuliaji wa kati. Hapo sentahafu hakuwa tena nusu ya njia. Alikuwa beki wa nyuma kabisa. Jina lake, hata hivyo, liliendelea kuwa lile lile, na Waingereza wengi walimwita hivyo kwa miongo mingi baadaye.

Gharama ya jina kukaa mbali na kazi ilionekana hadharani tarehe 25 Novemba 1953, Hungaria ilipoifunga Uingereza mabao 6 kwa 3 katika uwanja wa Wembley. Nándor Hidegkuti wa Hungaria alivaa namba tisa, namba ya mshambuliaji wa kati, lakini alicheza nyuma sana, katikati ya uwanja. Harry Johnston, sentahafu wa Uingereza, alikuwa na kazi ya kumkaba namba tisa. Akimfuata, anaacha pengo nyuma. Akibaki, namba tisa yuko huru. Hidegkuti alifunga mabao matatu siku hiyo. Waingereza walikuwa wamejipanga kuikaba namba, na namba ilikuwa imebadilisha kazi.

Mwaka 1958 Brazili ilichukua Kombe la Dunia kwa mpango wa walinzi wanne. Mpango huo ulienea haraka, nao ulidai kwamba mmoja zaidi wa mahafubeki wa zamani ashuke akae pamoja na sentahafu. Sasa ndugu msomaji ataona asili ya kosa langu. Waliobaki walikuwa wawili, namba nne na namba sita. Ni nani ashuke? Waingereza walimshusha namba sita, wakamwacha namba nne katikati. Kwetu Tanzania alishuka namba nne, akabaki namba sita. Kwa hiyo mabeki wa kati wa Uingereza walikuwa namba tano na sita, na wa kwetu ni namba nne na tano.

Katika fainali ile ya mwaka 1966, mkabaji aliyesimama mbele ya mabeki wa Uingereza alikuwa Nobby Stiles, naye alivaa namba nne. Bobby Moore, mwenye namba sita, alikuwa beki wa kati. Wanafunzi wa Rungwe walijibu kwa kanuni ya uwanja wao, na jibu lao halikuwa sahihi kwa Moore. Jibu langu la "mlinzi wa nusu wa kushoto" lilifuata kanuni iliyokuwa imekufa Uingereza kwenyewe kabla ya mechi hiyo kuchezwa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na haki ya kutegemea namba kama wanavyoijua, nami nilikuwa na wajibu wa kujua kwamba namba nayo hutafsiriwa.

NENO "KIUNGO" NA NENO "BEKI"

Kiswahili kilipopokea mchezo huu kilifanya mambo mawili tofauti, na yote mawili yanafaa kuchunguzwa.

Jambo la kwanza lilikuwa kukopa. Tulipata beki, fulubeki, hafubeki, sentahafu, winga, fowadi. Baadhi yake yamechakaa. Ni vijana wachache leo watakaomwita mtu hafubeki. Lakini "beki" limeota mizizi, na sababu yake inaweza kuwashangaza wale wanaodhani neno la kukopa daima ni dhaifu kuliko la asili. Msemaji wa Kiswahili asikiapo "beki" hasikii maana ya "nyuma" ndani yake. Kwa hiyo beki wa pembeni anapopanda mpaka karibu na lango la wapinzani, kama Giacinto Facchetti wa Inter Milan alivyozoea kufanya katika miaka ya 1960, hatuoni mgongano wowote katika kusema "beki anayepanda". Kama tungelisanifu neno "mchezaji wa nyuma", leo tungekuwa tunasema kwamba mchezaji wa nyuma yuko mbele. Neno lililofungwa maana yake ya asili limekuwa huru kufuata kazi popote inapokwenda.

Jambo la pili lilikuwa kuunda, na hapa ndipo fahari yetu ilipo. Neno "kiungo" halikutokana na nusu wala robo. Halipimi umbali. Linataja kazi: kuunganisha nyuma na mbele, kama kiungo cha mwili kinavyounganisha mfupa na mfupa. Kwa kuwa limejengwa juu ya kazi, limeweza kupokea vivumishi kazi zilipogawanyika. Tuna kiungo mkabaji, kiungo mchezeshaji na kiungo mshambuliaji, na mtu yeyote aliyewahi kusikiliza matangazo ya mpira katika redio huelewa tofauti yake bila kufundishwa. Wasemaji wenyewe huendelea kuunda kwa njia hiyo: beki imara huitwa kisiki, na siku hizi pia kitasa, kwa kuwa kisiki hakipitiki na kitasa hufunga mlango.

MFANO WA MAREKANI

Huenda msomaji akadhani kwamba taabu hii ni ya mpira wetu tu. La, hasha. Mchezo wa Wamarekani unaionyesha vizuri zaidi, na mfasiri wa Kiswahili atakutana nao mara kwa mara katika habari za kimataifa.

Katika mchezo huo timu mbili hupangana zikitazamana kwenye mstari, na mpira huanzia hapo. Timu yenye mpira hujaribu kusonga mbele kwa kukimbia nao au kwa kuurusha. Walinzi wanaoinama kwenye mstari wenyewe, wale wa ncha za kulia na kushoto, wana jina linalotaja ncha. Walinzi wanaosimama hatua chache nyuma yao wana jina linalotaja kusimama nyuma ya mstari. Kwa matamshi yetu tungemwita lainibeka. Majina yote mawili, kama yale ya Waingereza, ni ya mahali.

Hapo awali mahali na kazi vilikwenda pamoja. Wa ncha alizuia wakimbiaji wasipite pembeni na kumkimbilia mrushaji. Lainibeka aliziba mapengo na kuwaangusha wakimbiaji waliouvuka mstari. Lakini urushaji, ulioruhusiwa mwaka 1906, ulizidi kukua, na walinzi walilazimika kurudi nyuma ili kuilinda mipira ya angani. Bill George wa Chicago Bears hutajwa sana kuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo: mwaka 1954 aliacha kuinama katikati ya mstari, akasimama nyuma yake. Mpango wa wanne mstarini na watatu nyuma ukawa wa kawaida. Katika miaka ya 1970 timu nyingi ziligeukia mpango wa watatu mstarini na wanne nyuma.

Hapo ndipo majina yalipovurugika. Mwaka 1981 timu ya New York Giants ilimchukua Lawrence Taylor. Kwa jina alikuwa lainibeka, na kweli alisimama wima nje ya mstari. Kwa kazi alikuwa mvamizi: alimkimbilia mrushaji kutoka pembeni kwa kasi ambayo waliopangwa kumzuia hawakuizoea. Mwaka 1986, mwaka ule ule Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wetu, Taylor aliwaangusha warushaji nyuma ya mstari mara 20 na nusu, ile nusu ikiwa ni hesabu ya tukio la kuchangia na mwenzake, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Tangu hapo, kijana mmoja aweza kuinama mstarini katika mchezo mmoja na kusimama wima katika unaofuata, huku kazi yake ikiwa ile ile.

Watumishi wa serikali, ambao wanajua kuwa kila cheo kina ngazi yake ya mshahara, wataelewa mara moja yaliyotokea mwaka 2008. Katika ligi ya Marekani klabu inaweza kumzuia mchezaji mmoja ambaye mkataba wake umekwisha, mradi imlipe kwa kiwango kinachokokotolewa kutokana na mishahara mikubwa ya nafasi yake. Baltimore Ravens walimzuia Terrell Suggs kwa kiwango cha lainibeka. Suggs akalalamika kwamba kazi aliyoifanya ilikuwa ya mlinzi wa ncha, ambaye kiwango chake kilikuwa kikubwa zaidi. Jina moja lilikuwa na thamani ya mamia ya maelfu ya dola. Shauri lilimalizwa kwa maafikiano: akalipwa kiasi cha kati baina ya viwango viwili, na nafasi yake ikaandikwa kwa majina yote mawili. Baadaye waandishi na makocha wa huko walizoea kumwita mchezaji wa namna hiyo kwa jina moja fupi linalotaja pembeni anakotokea, bila kujali anainama au anasimama.

Afrika Mashariki nayo imeguswa. Daniel Adongo wa Nairobi, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mchezo huo, akafundishwa nafasi ya lainibeka wa nje, na mwezi Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumweleza msomaji wa Kisumu au wa Tukuyu kwamba Adongo alicheza wapi, afanyeje? Akisema "mlinzi wa nyuma", msomaji atamdhania beki wa kawaida. Kwa hiyo hana budi kueleza kazi.

MAPENDEKEZO

Kutokana na historia hii nathubutu kutoa mapendekezo manne.

(a) Neno lililokwisha kukubaliwa na watu, kama "beki" na "kiungo", lisisumbuliwe kwa kutafutiwa mbadala. Kazi ya mkuza istilahi hapa ni kuandika fafanuzi sahihi.

(b) Namba zitumiwe kwa uangalifu. "Namba sita" ni istilahi halali ya Kiswahili, na maana yake kwetu ni kiungo mkabaji. Lakini namba inapotoka katika maandishi ya nchi nyingine au ya zama nyingine, mfasiri aitazame kwanza kazi, ndipo aandike jina. Namba sita ya Bobby Moore iandikwe kuwa beki wa kati.

(c) Panapohitajika istilahi mpya, ijengwe juu ya kazi kuliko mahali. Kwa mchezo wa Marekani napendekeza "mlinzi wa ncha" na "lainibeka" pale tunapoeleza mpango wa zamani, na "mvamizi wa pembeni" kwa yule ambaye kazi yake ni kumwangusha mrushaji, awe ameinama au amesimama.

(d) Kila fafanuzi ya nafasi itaje zama zake. Sentahafu wa mwaka 1920 na sentahafu wa mwaka 1935 ni watu wawili wenye jina moja.

Mambo haya hayaishii uwanjani. Ofisini mwetu mna vyeo vilivyopewa majina kwa mahali ambapo mtu alikuwa akikaa au kwa chombo alichokuwa akitumia, na leo hakai hapo wala hakitumii chombo hicho. Mfasiri wa muundo wa utumishi akigeuza jina pasipo kuitazama kazi, anaweza kumpunguzia mtu haki yake, kama ambavyo karatasi yangu iliwapunguzia wanafunzi wa Rungwe alama zao.

Kuhusu alama hizo, tulikaa na mwalimu wao jioni ile tukakubaliana. Swali lilifutwa, na hakuna aliyepata wala aliyekosa kwa ajili yake. Kifungu kimeandikwa upya, na sasa swali linauliza: Bobby Moore alifanya kazi gani uwanjani? Kijana mmoja aliyekuwa akicheza namba sita siku ile, alipoelezwa kwamba Moore alikuwa beki wa kati, alifikiri kidogo akasema, "Basi kwao namba zilikosewa." Mzee alicheka. Nilimweleza kijana kwamba hazikukosewa, ila watu wawili walipewa mlango mmoja wa kutokea, na kila nchi ikamruhusu mwingine.

Wasomaji wenye majina mengine ya nafasi za walinzi, hasa yanayotumika mikoani na ambayo hayajaandikwa, wanaombwa wayalete pamoja na maelezo ya kazi wanayoifanya wachezaji hao, ili orodha itakayotolewa iwe ya wenye mpira na wenye lugha kwa pamoja.